Nukta Nne za Mwalimu Isidore

Kijiwe chetu hapa Baraka ni pupitre moja, dawati la shule lililovunjika mguu. Tumeiegemeza kwenye ukuta wa Mama Waridi, muuza kahawa, hatua chache kutoka njia inayoshuka ziwani. Tangu vita ianze tena watu wengi wamevuka kwenda kambini upande wa Kigoma. Sisi tumebaki wanne na maneno mengi. Yuko Radio, ambaye kwao anaitwa Patrice, fundi wa redio asiyengoja habari iive. Yuko Docta, yaani Fabien, muuza vidonge na miwani ya kusomea. Udaktari alijipa mwenyewe. Yuko Mzee Mahmudu, tunayemwita Kapita, aliyekuwa na boti yenye mota kabla askari hawajaipenda. Mimi ni Karani, kwa sababu naandika vyeti vya kuzaliwa pale bureau, ofisi ya serikali. Wa tano alikuwa mwalimu Isidore, mwenye hiyo pupitre, aliyechukuliwa na askari mwaka mmoja na mwezi mmoja uliopita. Kila jioni, kabla ya saa ya kufunga njia, tunabishana yuko wapi. Kwa nini alichukuliwa, hilo hatuligusi.

— Mi nasema Isidore iko ku Minembwe, alianza Radio siku ile, hata kikombe hakijamfikia. Bazee balisema, mutaka cha mvunguni sharti ainame.

— We Radio, Minembwe iko yulu ya milima, alisema Docta. Muntu anainamaka aje juu ya kupanda?

— Njo vile! Kule mbingu iko karibu. Muchana anachunga ng'ombe, magaribi anaangalia nyota bure, bila ata jumelles.

— Bila jumelles haoni kitu, alisema Kapita. Na jumelles zilikuwa zangu. Mi njo nilimuanzisha.

Hilo ni kweli, tumwachie. Jumelles zile, darubini ya macho mawili, Kapita alizitumia kutafuta boti yake ziwani. Jioni moja Isidore aliziomba, akazielekeza mwezini, na hakuzirudisha kwa wiki mbili. Ndipo akatufundisha sote. Usianze na mwezi mpevu, alisema, utaumiza macho bure. Anza na nusu, uangalie pale giza linapokutana na mwanga, utaona milima na vivuli vyake. Egemeza viwiko ukutani, la sivyo nyota itacheza ndombolo. Zima taa, ngoja macho yazoee. Taa ya kuzima haikuwepo, vita ilikuwa imeshazima mji mzima. Kilimia, ambacho kwa macho tunahesabu nyota sita, kwenye jumelles za Kapita nilifika thelathini nikachoka. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na sikuwahi kujua.

— Na tiyo yake ya kuangalia nyota musisahabu, alisema Docta. Kioo cha mbele kilitoka ku miwani yangu.

— Miwani yako! Radio alicheka. Mwezi ulikuwa kichwa chini mule. Mi niliwaambiaka, Docta ameuza kioo kibovu.

— Kibovu wapi? Isidore mwenyewe alisema, ukipanga vioo namna ile, picha inageuka. Kule mbingu haina yulu na chini.

— Muntu akinunua kwako, kila kitu kinageuka. Ata dawa ya tumbo inageuka.

Mama Waridi alicheka mpaka kahawa ikamwagika kidogo. Tiyo lile ndilo lilikuwa darubini yetu ya kwanza: bomba la plastiki la maji, kioo cha miwani mbele, nyuma kioo kidogo kilichotoka kwenye aparei ya picha iliyokufa, vyote vimefungwa kwa mpira wa baisikeli. Isidore aliliweka juu ya mti wenye panda, akalilinda kama yai.

— Sikieni mi, alisema Docta. Isidore iko mu pori na jenerali mukubwa. Anamupimia mwezi, ajue siku gani giza iko mingi ya kushambulia. Banamulisha nyama kila siku. Penye miti hapana wajenzi.

— Wajenzi banaingia wapi mu nyama?

— We kunywa kahawa.

Kapita alisogeza kofia yake.

— Bongo, si kweli. Bazungu balikuja na ndege, banamubeba. Balisikia mu Afrika iko muntu ametengeneza darubini na miwani ya bamama. Sasa iko na nyumba ya vioo, anaangalia Mushtari mpaka asubui.

— Jupiter, alisema Docta.

— Ku bababu yangu inaitwa Mushtari, na ilikuwa ile ile mbele ya Bazungu kuzaliwa.

Radio hakukubali kuzidiwa. Alishusha sauti, kama msomaji wa habari anayekaribia habari ya vifo.

— Hayuko ku dunia. Si aliniambiaka Jupiter iko na batoto bane? Amekuwa wa tano. Kimya kingi kina mshindo mukuu. Siku moja nyota itaanguka ku Kilembwe, bakulima batakimbia, na mwalimu atatoka mule, atauliza pupitre yake.

Tulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana hao watoto wanne ndio waliomponza.

Kila jioni Isidore alichora kwenye daftari duara moja kubwa na nukta nne pembeni. Leo mbili kushoto, mbili kulia. Kesho tatu tu, kwa sababu mmoja amejificha nyuma ya mama yake. Chini yake aliandika tarehe na saa. Ni miezi ya Jupiter, inaizunguka usiku na mchana, na sote wanne tuliiona kwa macho yetu. Askari walipopekua nyumba yake walikuta bomba refu, na bomba refu wakati wa vita halina maelezo mazuri. Kisha wakakuta daftari. Komanda wao aliona boti moja kubwa na boti ndogo nne, na saa zake. Nani mwingine huku kwetu huchora nukta, akaweka saa, kama si mtu anayewahesabia adui boti za ziwani?

Alituita sote wanne bureau. Aliweka daftari mezani, jumelles walizomnyang'anya Kapita zikiwa zinaning'inia shingoni mwake mwenyewe, akaniuliza mimi kwanza kwa kuwa mimi ndiye msomi: hii ni nini? Niliangalia ukurasa. Saa zilizoandikwa pale zilikuwa kwa mwandiko wangu, kwa sababu jioni ile Isidore alikuwa ameshika tiyo akaniomba nimwandikie. Nikasema, mi sijui, komanda. Wenzangu wakarudia mmoja mmoja, kama watoto wa shule.

Basi tulikuwa bado tunacheka nyota ya Kilembwe alipotokea mama mmoja na mfuko begani, viatu vimelowa. Alikuwa Anastasie, mke wa Isidore, ameshuka kwenye boti iliyotoka Kigoma kupitia Kazimia. Hatukuwa tumemwona tangu avuke na watoto.

— Jambo, ba papa.

— Jambo, mama. Karibu. Pole na safari.

Tulimsogezea pupitre. Mama Waridi alijaza termosi upya na kumpa kikombe cha kwanza. Radio, ambaye mdomo wake haujui mlango, alimweleza yote: Minembwe, jenerali, Bazungu. Anastasie alisikiliza mpaka mwisho, mikono yote miwili kwenye kikombe.

— Aksanti, alisema. Lakini mi sikuje juu ya ile. Ile siku banamukamata, alinishika mukono, akasema: usilie, Anastasie. Batauliza ba kijiwe. Boo bote baliangaliaka, banaijua nyota. Batasema, nitarudi mbele ya kesho. Njo nikavuka na batoto bila kulia. Kule kambini naendaka kungoja kila boti.

Aliinua kichwa. Giza lilikuwa limeanza kushuka, na Jupiter ilikuwa imeshatoka, karibu kabisa na Kilimia, kubwa, haipepesi.

— Baliwaulizaka?

— Balituuliza, mama, nilisema.

— Mulijibu nini?

Hakuuliza kwa hasira, afadhali angeuliza kwa hasira. Kapita alivuta tasbihi yake. Docta aliangalia viatu vya yule mama. Radio alichungulia ndani ya kikombe chake. Wote watatu waliniangalia mimi, kama siku ile bureau, wakingoja nitakachosema ili wakirudie. Nilifungua mdomo. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mawili tu, yale yale.

Mama Waridi alisimama akasema kahawa imeisha. Akainua termosi kuiingiza ndani, kwa mikono miwili, maana ilikuwa imejaa.