Chupa ya Tope Kwenye Benchi

Benchi la Mama Birika liko kwenye kona, ubavuni mwa ukuta mrefu wa mtambo wa majitaka, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali kilichokuwa nyuma ya ukuta huo, kwa sababu hakikunuka. Mwezi huu kilianza kunuka. Watu walifunga madirisha, watoto wakaenda shule wameziba pua, na asubuhi hii Redio, mstaafu ambaye habari zote za mtaa hupitia mdomoni mwake, alizungushia mnyororo geti la mtambo, akatia kufuli kupinga harufu hiyo, na kuuvaa ufunguo shingoni. Gari lililoleta dizeli ya jenereta likakwama nje. Mama Birika aliyaona yote hayo, akaendelea kupanga vikombe, ingawa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alikuwa humo ndani na hakuwa amelala nyumbani tangu juzi. Alikuwa amechoka naye, amechoka na harufu, na wateja walikuwa wanangoja kahawa.

Redio na Wembe, kinyozi wa jirani, walikuwa kwenye kikombe cha pili Fundi alipouruka ukuta. Kwapani alikuwa na chupa kubwa ya kioo, yenye mdomo mpana. Akaiweka katikati ya benchi.

— Umeniwekea nini karibu na vikombe vyangu? — Mama Birika aliuliza.

— Wafanyakazi wenzangu.

Ndani ya chupa lilikuwa tope la rangi ya kahawia, bado linazunguka.

— Fundi, jamani, — Wembe alisema, — watu tunakunywa hapa.

— Nipeni nusu saa tu. Mzee Redio, sikiliza. Hili nimelichota kwenye tangi letu sasa hivi. Likizama chini lote, maji ya juu yakabaki safi, ujue tangi limepona na harufu itakwisha. Utafungua geti, dizeli iingie. Likibaki limevurugika, kaa na ufunguo wako mpaka wajukuu zako waoe.

— Na nikikataa hiyo nusu saa?

— Umeme hakuna tangu jana. Unasikia mngurumo huo? Ni jenereta inayoendesha mashine za kupuliza hewa, na mafuta yamebaki ya kulamba. Ikizimika na geti limefungwa, hawa watakufa kwa kukosa pumzi. Hapo ndipo mtajua kunuka ni nini. Na mimi kazi sina.

Mama Birika aliushika mpini wa birika kwa nguvu. Hilo la kazi hakuwa ameambiwa.

— Nusu saa, — Redio alisema. — Na kahawa ni juu yako.

Kahawa ikamiminwa. Wote wakaikodolea macho ile chupa.

— Haya, hao wanaokufa ni kina nani? — Wembe aliuliza. — Mimi naona tope.

— Vijidudu. Wadogo mno, jicho haliwaoni. Uchafu wote tunaoumwaga chooni na jikoni unaingia kwenye tangi, wao wanaula. Sisi tunawapulizia hewa kutoka chini, basi. Wanakula, wanazaana, maji yanatoka safi.

— Si ulikuwa unatuambia mtambo ndio unasafisha?

— Mtambo ni nyumba tu, Wembe. Wenye kazi ni hawa.

— Na walifanya nini mpaka tukaanza kunuka? — Redio aliuliza. — Waligoma?

Fundi akamtazama mkewe kabla ya kujibu.

— Tuliletewa mkuu mpya. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Akachungulia tangini, akaona tope na povu, akasema aibu gani hii, mahali pa kusafishia pawe pachafu hivi! Akaamuru tulimwage lote, tusugue kwa sabuni na klorini mpaka zege ling'ae.

— Mkasugua?

— Nilimwambia hilo tope ndilo linalofanya kazi. Akaniuliza tangu lini uchafu ukatunzwa. Tukasugua. Wageni wakasifu, wakapiga picha. Walipoondoka tu, tukaanza kunuka.

Mama Birika alicheka bila kupenda.

— Yaani mmewaua wafanyakazi kwa kuwaogesha!

— Ndiyo hivyo, mama watoto. Ikabidi tuombe lori la tope kutoka mtambo wa mji wa jirani, turudishe mbegu. Ndiyo maana silali nyumbani. Nawaonjesha majitaka kidogo kidogo, kama mtoto anayeachishwa ziwa.

— Mwanao mwenyewe hukumwachisha hivyo, — alisema mkewe. — Ulikuwa unakoroma.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Redio hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya chupa.

— Mimi nawaambieni, hii ni hatari, — alisema. — Viumbe wanaokula kila kitu! Siku uchafu ukiwaishia, watapanda na mabomba. Utakuwa umekaa chooni, umetulia, wao wanakuja kudai chakula.

— Wameshaanza, — Wembe alisema. — Mnaona vipara vilivyozidi mtaani? Wananiharibia kazi. Wanakula nywele kwanza ili tusishtuke.

— Wewe vipara vinatokana na mashine yako butu.

— Butu? Mzee Redio, kichwa chako hicho kina nywele ngapi nilizozikuta nikaziondoa? Na iko siku wataingia mpaka kwenye redio zetu, wawe wanakula habari...

— Nyamazeni, — Mama Birika alisema. — Tazameni.

Tope lilikuwa limeacha kuzunguka. Lilikuwa linajikusanya: chembe kwa chembe, chembe zikawa vitonge, vitonge vikashikana na vingine, na vyote pamoja vikaanza kushuka polepole bila kuguswa na mkono wa mtu. Juu, kwenye shingo ya chupa, kulitokea utepe mwembamba wa maji yasiyo na rangi.

Hakuna aliyeinua kikombe.

— Wako wangapi humo? — Redio aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Katika chupa hii peke yake ni wengi kuliko watu wote walio hai duniani.

— Acha uongo.

— Haki ya Mungu. Na si wa aina moja. Niliwaona kwenye hadubini. Kuna wakubwa kidogo, wana umbo la kengele, wamesimama kwenye vikonyo. Wanazoa wale wadogo waliopotea kundi. Ndio wanaoyafanya maji yang'ae.

Mama Birika alifungua kifuniko, akanusa, maana katika maisha yake hakuwahi kununua kitu bila kunusa. Alitarajia kichefuchefu. Akanusa tena.

— Linanukia udongo, — alisema taratibu. — Udongo wa shamba, ukishalowa.

Miaka yote alizifua nguo za mumewe kwa hasira, akiamini anafua kinyesi cha watu.

— Fundi, — Wembe aliuliza, mzaha umemtoka, — kwa nini wanashikana?

— Wakiwa na chakula kingi hutawanyika, kila mmoja na lake. Chakula kikipungua ndipo hushikana.

— Na nani anawaambia sasa inatosha, shikaneni?



— Hilo sijui, ndugu yangu.

Maji safi yalikuwa yamefika nusu ya chupa. Redio aliweka kiganja nyuma ya kioo, na wote wakaiona mikunjo ya vidole vyake, mmoja mmoja.

Ndipo mngurumo nyuma ya ukuta ukakohoa. Ukakohoa tena. Ukakatika.

Redio hakungoja nusu saa itimie. Aliuvua ufunguo shingoni, akakamata ndala mkononi, akakimbilia getini kama kijana. Fundi akamfuata, na Wembe akamfuata Fundi.

— Chupa! — Mama Birika aliita.

— Wape hewa! — Fundi alijibu akiwa mbali.

— Nawapaje?

Fundi alikuwa ameshafika getini. Alibaki peke yake. Akaikoroga chupa kwa kijiko cha sukari, kisha, kwa kuwa hakujua la ziada, akachukua kipepeo cha mkaa, akaanza kupepea. Alisikia mnyororo ukianguka, gari likiingia, watu wakipigiana kelele za kushusha mapipa ya dizeli. Mkono ulimuuma. Hakuacha. Kimya nyuma ya ukuta kilikuwa kirefu. Kisha mngurumo ukarudi, mzito, ukatulia.

Mama Birika alivuta pumzi, lakini mkono uliendelea.

Mwanamke mgeni, mwenye begi begani, aliyekuwa anapita akitafuta chumba cha kupanga, alisimama mbele ya benchi. Akatazama vikombe, akatazama mkaa uliozimika, akatazama chupa.

— Samahani, dada, — aliuliza. — Unampepea nani?

Mama Birika alitafuta jina la kuwaita. Hakulipata.

— Kahawa imekwisha, — alisema, akimsogezea mgeni nafasi. — Lakini kaa, utazame.