Mume Wangu, Kaka Yangu na Bendera Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, Mheshimiwa Kiongozi wa Upinzani bungeni, kaka yangu, ambaye kwa mama yetu bado unaitwa "we mtoto", waheshimiwa wabunge, ndugu wajumbe wa Halmashauri Kuu, wazee wetu na wageni waalikwa, na wewe Katibu Mkuu wetu unayestaafu leo, Mama Taratibu, ambaye bila wewe nisingekuwa na mume na kaka wanaoweza kukaa meza moja: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya familia za viongozi. Mimi si mwanasiasa, ni daktari wa meno. Wanasiasa nawajua wakiwa wameachama na hawawezi kutamka neno, na niwaambieni ukweli, hapo ndipo wanapopendeza zaidi.

Wengi wenu mlikiona kile kinyang'anyiro cha kumpata mgombea urais wa chama mkiwa ukumbini. Mimi nilikiona kutoka jikoni kwangu. Siku mume wangu, mhandisi mnayemwita Zege, alipochukua fomu, kaka yangu wakili, huyu mnayemwita Pingamizi, alikuja nyumbani kumpongeza. Wakakumbatiana, wakapigana makofi ya mgongoni. Kisha kaka akakohoa, akasema, "Shemeji, na mimi nimechukua."

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani. Alipogundua si utani aliendelea kucheka, lakini macho yalikuwa yameshaacha.

Waliahidiana kushindana kiungwana. Ndugu zangu, uungwana ule uliishi mpaka wapambe walipoamka! Upande huu ukasema wakili anatetea wezi. Upande ule ukasema daraja la mhandisi lilipata ufa kabla halijapitiwa na gari. Bango la mmoja likibandikwa asubuhi, mchana limefunikwa na la mwenzake. Na mimi je, nilipaswa kuwa upande gani? Nikimpikia mume, kaka ananuna, nikimpigia kaka simu, mume anauliza, "Unampelekea siri za kampeni?" Siri gani, jamani? Nilikuwa namuuliza hali ya mama! Mama mwenyewe alituita chakula cha Jumapili, akawaona wawili hawa wamekaa wamepeana mgongo, akasema, "Nilisomesha wakili, nikaoza binti kwa mhandisi, leo nalisha chekechea."

Tulicheka, lakini ilikuwa inauma. Usiponijua unaweza kudhani nilikuwa na moyo wa jiwe. Nilikuwa nikijifungia stoo ya dawa na kulia, kisha nanawa uso na kumwita mgonjwa anayefuata. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wetu walishaanza kuruka: wapinzani wetu walikuwa wanangoja tu kaka ajitoe na nusu ya chama.

Ndipo ikaja ile siku ya mkutano wa wilaya, siku wapambe walipopigana na viti vikaota mabawa. Alasiri hiyo, gari la Mama Taratibu lilisimama mbele ya kliniki yangu. Akashuka na vijana wawili: fundi baiskeli, mpambe wa mume wangu, aliyevunjika jino la mbele, na muuza mitumba, mpambe wa kaka, aliyevimba shavu kama ameficha limau. Mama Taratibu akaniuliza, "Daktari, jino la huyu linarudi?"

"Halirudi, Mama. Limevunjika hadi kwenye mzizi."

Akatoa simu. Akawapigia wagombea wote wawili maneno yale yale: "Njoo kliniki ya meno. Sasa hivi. Sikuombi."

Wakaja, kila mmoja akidhani anakuja kumwona majeruhi wake. Wakakuta majeruhi wamekaa benchi moja, wanagawana barafu. Kaka akaanza, "Kijana wangu, pole, tutahakikisha sheria…" Fundi baiskeli akamkatiza, pamba imemjaa mdomoni. Akamtazama kaka, akamtazama mume wangu, akasema, "Waheshimiwa, nyinyi ni mashemeji. Mkimaliza mtakula pamoja. Mimi jino langu nitalipata wapi?"

Katika miaka yangu yote ya ndoa sijawahi kumwona Zege akiangalia sakafu muda mrefu namna ile.

Mama Taratibu hakuwahubiria. Alisema tu, "Kwenye mkutano mkuu, kabla ya kura, kila mmoja atasimama amnadi mwenzake. Asiyeweza, abaki nyumbani."

"Napinga!" kaka akaruka. "Kanuni hazisemi hivyo!"

"Taratibu, mwanangu. Kanuni zinasema ratiba ya mkutano hupangwa na Katibu Mkuu. Katibu Mkuu ni nani?"

Wakili mzima akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Mliokuwepo mnakumbuka. Kaka alitangulia. Akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu wajumbe, shemeji yangu ni… mrefu." Ukumbi ukaangua kicheko. "Na hachelewi chakula." Watu wakapiga meza. Kisha sauti yake ikabadilika, haikuwa tena ya mahakamani. Akasema, "Baba yetu alipougua, mimi nilikuwa nazunguka na kesi za watu. Aliyekuwa akimbeba bafuni na kumwogesha kila asubuhi ni huyu. Hajawahi kunikumbusha."

Mume wangu akapanda akiwa anafuta macho. Akasema, "Mnasema wakili huyu anatetea wezi. Waliponiita mwizi wa saruji ya daraja, alinitetea mpaka ikajulikana mzabuni ndiye aliyeichakachua. Kama hapendi wezi kuonewa, mnadhani wasio wezi atawafanyia nini?"

Kura zikapigwa, na kaka akashinda kwa tofauti ndogo. Mume wangu akawa wa kwanza kumfuata. Kaka akamkumbatia na kumnong'oneza, akisahau kipaza sauti kiko wazi, na ukumbi mzima ukasikia: "Shemeji, dada tutamwambiaje?" Nilikuwa safu ya tatu, waheshimiwa. Nilikuwa nimeshaambiwa!

Urais tuliukosa, sifichi. Lakini Zege aliongoza kampeni ya shemeji yake kijiji kwa kijiji, chama hakikupasuka, na leo viti vyetu bungeni ni vingi kuliko wakati wowote.

Nimalizie kwa jambo msilolijua. Baada ya matokeo ya mkutano mkuu ule nilimtafuta Mama Taratibu nimshukuru. Nikamkuta chumba cha nyuma, amevua viatu, mikono inatetemeka hata glasi ya maji haishikiki. Akaniambia, "Mwanangu, kaka yako angeishia kwenye 'mrefu', chama kingenifia mikononi. Sijawahi kuogopa vile." Nikamshika mikono ile mpaka ikatulia. Kisha akavaa viatu, akatoka kwenda kuwapongeza wagombea, na hakuna kati yenu aliyegundua lolote.

Mama, uliogopa, na ukafanya vile vile. Nilitaka hawa walijue hilo kabla hujaondoka. Nenda ukapumzike kwa raha, na mlango wa nyumba yetu ni wako.

Ndugu zangu, mmenitegea sikio kwa upole. Asanteni sana.