Papa Straton Nzabandora wa Karuba, Aliyefunga Chupa kwa Mikono Miwili

Kaka yangu, Papa Straton Nzabandora, alizaliwa Karuba mwaka wa 1902, mtoto wa kwanza wa mama yetu Mukasine. Mimi Agathe, mdogo wake, ninasoma haya kwa ombi la mjane wake.

Alifundishwa katekisimu misioni, akajua kusoma, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1921. Shule nyingine hakupata, maana ng'ombe wa baba walihitaji mchungaji.

Tarehe 6 Februari 1926 alimuoa Nyirabagenzi. Siku ya kuposa aliteleza kwenye matope mlangoni kwa wakwe, akaingia amechafuka mpaka masikio. Kaka wa bibi arusi, Kanyamibwa, alicheka sana, na tangu siku hiyo wakapendana.

Mwaka wa 1942 divai ya Ulaya haikufika kwa sababu ya vita. Mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Mushaki akaanza kutengeneza divai ya marakuja, yaani matunda ya pasheni, na Straton akapewa mashini ya kufunga chupa. Kwanza aliitazama kila chupa kwenye mwanga; yenye ufa aliiweka kando. Vizibo alivilowesha katika maji ya moto. Chupa ilisimama peke yake kwenye kiti cha mashini, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya mti wa kukandamiza kizibo. Kizibo kikikwama, aliinua mti na kutoa chupa; hakugonga kamwe.

Sisi watu wa milima tunafunga kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa kushika shingo yake na kupiga jani la mgomba kwa kiganja. Kila mfanyakazi mpya alishika shingo ya chupa vilevile. Mwaka wa 1949 Kanyamibwa alikuja kufanya kazi hapo, naye akashika shingo.

“Shemeji, toa mukono.”

“Mimi nafunga kibuyu tangu utoto, na wewe unanifundisha chupa?”

“Kibuyu haina meno. Chupa ikipasuka iko na meno.”

Kanyamibwa alirudia mara nyingi, mpaka Straton akamuondoa kwenye mashini.

“Unanifukuza mbele ya bantu? Kwako sitakanyaga tena!”

Akaenda Walikale. Mke wa Straton akabaki bila kaka.

Mwaka jana kaka yangu alishikwa na kifua. Hospitali ya Mweso ilimrudisha nyumbani. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa akiwa amekosana na shemeji yake. Mimi nilikuwa nikichungulia njia ya Walikale kila asubuhi. Mwezi wa tano mwaka huu Kanyamibwa akatokea, akanyoosha mkono wa kushoto: vidole viwili havikunjiki. Huko Walikale chupa ilipasuka mkononi, na hakuwepo wa kumzuia.

“Shemeji, siku ile ulinifukuza, kumbe njo ulikuwa unanichungia mukono.”

“Na wewe ukaupeleka Walikale,” kaka akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Wakanywa kasiksi kwa mrija mmoja. Usiku huo nililala usingizi.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Juni 1957, kimya, mke wake akiwa karibu.

Ameacha mjane, Nyirabagenzi; watoto Marcellin, Dancille na Hubert; wajukuu; mimi dada yake; na shemeji yake Kanyamibwa, ambaye leo ameomba kutupia udongo wa kwanza. Familia imekubali.

Straton, lala kwa amani. Hakuna anayekudai neno.