Kidude Kinachotia Chumvi

Ukipita ile kona ambapo duka la kutengeneza redio limebanana na kibanda cha kinyozi, utakuta benchi la mbao lenye mguu mmoja uliofungwa waya. Usikae upande wa kushoto. Hapo ni pa Mheshimiwa, ambaye hajawahi kuwa mheshimiwa wa chochote. Alikuwa tarishi wa mahakama, na miaka yote ya kubeba majalada ya watu imemwachia kiuno kibovu na mdomo uliojaa sheria. Katikati hukaa Kinyozi, mwenye upara mtupu, jambo ambalo wateja wake hawaachi kulitaja. Upande wa kulia, karibu na mlango wa duka lake, hukaa Fundi Redio. Na mbele yao, juu ya kigoda, birika likiwa kwenye makaa, yuko Mama Kahawa, mwenye benchi, mwenye vikombe na mwenye neno la mwisho. Majirani wanasema hawajaona watu wanaopendana kama hao wakizungumza kwa ukali vile, lakini wameshazoea.

Alasiri hiyo Fundi alitoka dukani amekunja uso, akalitua kopo lake la skrubu katikati ya benchi.

— Leo nataka haki yangu, alisema.

— Haki gani tena? aliuliza Kinyozi. Kikombe cha mwisho jana si ulikinywa wewe?

Fundi alichokorachokora ndani ya kopo, akatoa kidude kidogo cha rangi ya ngozi, kimejipinda kama korosho. Wote walikijua. Binti yake alimletea wiki iliyopita, akamwambia kwa upole, baba, hiki unakiweka sikioni, utasikia vizuri. Fundi alikipokea kwa mkono mmoja. Asikie vizuri nini, yeye aliyekula kwa masikio yake tangu ujana? Mtu ambaye akiwekewa redio mezani hutambua ugonjwa wake kabla hajaifungua!

— Nimekipima, alisema. Kibovu.

— Kibovu vipi? aliuliza Mheshimiwa. Toa maelezo.

— Kinatia chumvi! Nilikivaa mara moja tu, nikawasha redio niliyotoka kuitengeneza kwa mikono yangu, sauti safi kabisa. Yule mtangazaji alinikemea nikaangusha bisibisi. Kijiko kikigusa kikombe, utadhani kengele ya shule. Hata ndala zangu eti zina kelele! Ndala hizi hizi, miaka yote, sijawahi kuzisikia.

— Labda zilikuwa zinakuheshimu, alisema Mama Kahawa.

— Mnacheka? Mimi sicheki. Jioni hii binti yangu anakuja na mjukuu. Ataniuliza kwa nini sikivai. Namrudishia kidude chake, na ninyi mtanishuhudia kwamba baba yake anasikia. Basi.

Hakusema yote. Kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni tangu mjukuu alipokuja mara ya mwisho. Mtoto alimpandia mapajani, akamsimulia jambo refu, midomo inakwenda, vidole vinachezea kifungo cha shati la babu. Fundi akafanya kama anavyofanya siku zote. Akatabasamu, akamgusa shavu, akasema, safi sana, mjukuu wangu, vizuri kabisa. Mtoto akamtazama. Akashuka mapajani taratibu, akaenda kukaa peke yake. Baadaye binti yake ndiye aliyemweleza: rafiki mpenzi wa mtoto amehama, hatamwona tena, na yeye amelia shuleni mbele ya darasa zima. Tangu hapo mtoto akija humpungia babu mkono kwa mbali, kama mtu aliyepanda gari. Fundi aliumia roho, tusifichane. Lakini akajiambia watoto wa siku hizi hawafundishwi kufungua mdomo.

— Tatizo si sikio, alisema. Tatizo ni sauti. Sauti za siku hizi zimepungua. Viwandani wanaweka spika za karatasi laini, ndiyo maana redio zote zinazoletwa kwangu zinanong'ona. Wewe Kinyozi, yako nimebadilisha spika mara ngapi?

Kinyozi alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alimtazama Mama Kahawa. Walikuwa na mtindo huo wa kutazamana, na Fundi alidhani ni kwa jinsi hoja zake zinavyowaingia.

— Nyingi, alisema Kinyozi. Mimi lakini nadhani ni nywele.

— Nywele?

— Sauti ikitoka redioni inakuta vichwa. Zamani watu walinyoa, sauti inateleza inakwenda zake. Siku hizi vijana wanafuga nywele mpaka mabegani, sauti ikiingia humo haitoki. Mimi na upara wangu nasikia mpaka mawazo ya mteja.

— Pingamizi! alisema Mheshimiwa. Chanzo ni majengo. Mtaa mzima umejaa ghorofa. Sauti inapanda ngazi, inafika juu imechoka, inakaa huko huko.

— Inakaa inafanya nini?

— Inapanga chumba.

— Mnakosea nyote, alisema Mama Kahawa, akichochea makaa. Ni simu. Kila mtu anasema kwenye simu, maneno yote yanapita hewani. Hewa imejaa. Neno jipya likitaka kupita linaambiwa lisubiri.

Fundi alifurahi. Hivi ndivyo watu wenye akili wanavyozungumza! Alikunywa kahawa yake, akaona dunia imemuelewa.

— Ila nikwambie kitu, shemeji, alisema Mama Kahawa, kwa maana marehemu mumewe na Fundi waliitana ndugu. Unalijua goti langu hili.

— Nalijua.

— Tulipigana, mimi nalo. Nilikuwa namimina kahawa nimesimama, nikitaka watu waone nina nguvu. Nikifika nyumbani nalia mpaka mto unalowa. Goti lenyewe wala halina habari kama napigana nalo! Siku niliyoamua kununua kigoda nikakaa, nilijua mtanicheka.

— Na tulikucheka, alisema Kinyozi.

— Mlinicheka siku moja. Ya pili mkataka kahawa.

— Mimi upara, alisema Kinyozi, niliuficha kwa kuvuta nywele za pembeni, nazilaza juu kwa mafuta. Upepo ukaniumbua mbele ya wateja watatu. Nikasema, basi, nyoa. Ule usiku ndio nililala.

— Goti ni goti na upara ni upara, alisema Fundi. Mtu mwenye goti bovu anauza kahawa. Fundi redio asiyesikia ni nani? Hebu niambieni. Ni nani huyo?

Hapo alisema kwa sauti iliyopasuka kidogo, akainama kutazama kikombe chake. Mheshimiwa ndiye aliyeokoa jahazi.

— Tusiende kwa hisia. Mahakama inataka ushahidi. Fundi, geuka, utazame ukuta. Kila mmoja atanong'ona neno nyuma yako, wewe ulirudie. Ukishinda, tunakushuhudia kwa binti yako.

— Naam! Hayo ndiyo maneno.

Fundi aligeuka, akautazama ukuta wa duka lake. Alijipangusa jasho. Nyuma yake Kinyozi alijaza kifua pumzi, akanong'ona.

— Wembe!

— Wembe, alisema Fundi.

Njiwa waliokuwa juu ya bati waliruka wote kwa pamoja. Fundi aliwaona wakipita juu ya kichwa chake, akadhani wameona paka.

— Rufaa! alinong'ona Mheshimiwa.

— Rufaa.

Mwenye baiskeli aliyekuwa anapita alishika breki ghafla, akatazama huku na huku, kisha akaendelea.

— Tangawizi! alinong'ona Mama Kahawa, mishipa ya shingo imemsimama.

— Tangawizi! Fundi aligeuka, uso umemng'aa. Mmesikia wenyewe? Na hapo mlinong'ona kweli, hamkunionea huruma?

— Tulinong'ona, alisema Kinyozi, akijishika koo.

— Apa.

Kabla Kinyozi hajatafuta njia ya kuapa bila kuapa, dirisha la juu ya duka lilifungwa kwa kishindo, na punde mwanamke kijana alitokea ngazini. Alikuwa amejifunga khanga juu ya gauni la kulalia, jicho moja amelifumba. Alikuwa mpangaji mpya wa chumba cha juu, muuguzi wa zamu ya usiku, amehamia juzi tu. Alisimama mbele ya benchi, akasalimia kwa adabu, shikamooni wazee wangu. Kisha, kwa sauti yake ya kawaida, akauliza swali moja fupi.



Kinyozi aliangalia viatu vyake. Mheshimiwa, ambaye hajawahi kukosa neno tangu astaafu, alifungua mdomo akaufunga. Mama Kahawa alifunika birika lililokuwa limeshafunikwa. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akingojea. Alikuwa ameona midomo ya yule binti ikienda. Sauti hakuipata hata chembe.

— Amesema nini? aliuliza.

Kinyozi alizidi kuangalia viatu vyake.

— Jamani, amesema nini?

Alilisikia swali lake mwenyewe likirudi. Amesema nini. Aliangalia umbali kati yake na yule binti, hatua mbili hazifiki. Akaangalia juu kwenye bati lisilo na njiwa. Polepole, kama mtu anayefungua redio na kukuta waya ulioungua pale pale alipokataa kutazama, alianza kuelewa.

Mama Kahawa aliinuka na goti lake, akamsogelea sikioni.

— Anauliza, kwa nini tunapiga kelele hivi?

Fundi alikaa.

— Tangu lini? aliuliza.

— Zamani, alisema Kinyozi. Ilianza kidogo kidogo. Wewe ulikuwa ukicheka mahali pasipo na kichekesho, sisi tukaongeza sauti. Baadaye tukazoea. Mke wangu ananiambia, mume wangu, hapa ni nyumbani, si kijiweni.

— Na redio?

Kinyozi alikuna upara.

— Redio yangu haikuwa mbovu, Fundi. Ilikatika waya mara moja, ukaurekebisha vizuri. Halafu ukaongeza spika. Wateja wanaruka wembe ukiwa shingoni. Naivalisha taulo, mataulo mawili, nayafunga kamba.

— Mimi yangu naifunikia sufuria, alisema Mama Kahawa.

— Yangu ipo kabatini, alisema Mheshimiwa. Ndani ya koti la suti. Na bado nasikia taarifa ya habari nikiwa bafuni.

Fundi alifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

— Mataulo mawili! alisema. Na kamba!

— Si tulikuwa tunauogopa uchungu wako, shemeji, alisema Mama Kahawa. Ulikuwa unapigana vita vikubwa, tukaona tukusaidie kupigana. Kumbe tunakuchosha tu.

Yule muuguzi alikuwa bado amesimama, ameshikwa na aibu ya kuuliza. Aliona kidude kwenye kopo, kati ya skrubu, akakiokota, akakipuliza vumbi. Alimtazama Fundi kwa macho ya kuomba ruhusa, na Fundi, baada ya kuvuta pumzi ndefu, akageuza kichwa kumpa sikio. Akamvalisha.

Kwanza kilikuja kishindo cha makaa yakipasuka. Kisha vikombe. Kisha ndala za mtu fulani zikipita barabarani, na Fundi akazitazama mpaka zikapotea. Na kutoka kwenye kibanda cha kinyozi, kupitia mataulo mawili na kamba, mtangazaji alikuwa anatangaza hali ya hewa kwa sauti ya mtu anayeita watu wakazime moto.

— Mungu wangu, alisema Fundi. Nani kaitengeneza redio ile?

Benchi lilicheka mpaka mguu wenye waya ukalia. Fundi aliusikia ukilia. Mama Kahawa alitikisa birika, akajisemea chini chini kwamba kahawa imekwisha.

— Hata tone la mgeni? aliuliza Fundi, akiwa amempa mgongo. Huyu binti tumemharibia usingizi.

Mama Kahawa alishika mdomo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya maghorofa binti yake alipotokea kwenye kona, amemshika mtoto mkono. Mtoto alimwona babu, akainua mkono wake mdogo kupunga, kama kawaida yake. Mama yake akamsukuma kidogo begani, akamwonyesha kwa ishara asalimie kama anavyosalimiwa babu. Mtoto alisogea, akafumba macho, akajaza mashavu hewa.

— Shikamoo babuuu! alipiga ukelele mpaka Mheshimiwa akamwaga kahawa yake ya mwisho.

Fundi alichuchumaa mbele yake. Lile neno alilikimbia muda mrefu, lakini lilipotoka lilitoka jepesi tu.

— Marahaba, mjukuu wangu. Punguza sauti, babu yako ni kiziwi. Ile habari ya rafiki yako aliyehama, sikuisikia hata kidogo. Nianzie mwanzo.

Mtoto alikitazama kile kidude sikioni mwa babu, akamtazama babu. Halafu akashika kifungo cha shati la babu, na kwa sauti yake ndogo akaanza kusimulia.