Don Casimiro na Simu ya Kwanza

Tarehe 30 Agosti, baada ya miaka ishirini na minane ya kuunga nyuzi za kioo za simu kwenye nyanda za juu kusini mwa mji wa Oruro, Don Casimiro Huaylla anastaafu. Kebo ya kwanza aliyoizika imeshabadilishwa. Yeye tulimwacha hapohapo.

Alianza enzi za shaba, na shaba ilikuwa balaa tupu: chumvi ya uwandani inaila, na kila msimu wa radi umeme unapita ndani ya waya na kuunguza mitambo mpaka mjini. Kioo hakina habari na radi. Uzi wake ni mwembamba kama unywele. Unaingiza mwanga upande mmoja, unagonga kingo na kurudi ndani, unagonga na kurudi, hauna pa kutokea ila mwisho wa uzi. Uzi mmoja unabeba simu za mkoa mzima na nafasi inabaki. Ila mwanga nao huchoka njiani, ndiyo maana kila baada ya kilomita themanini hivi pana kibanda cha kuutia nguvu. Casimiro alipangiwa kibanda cha katikati, ambako jirani ni llama na upepo. "Kwa muda tu," waliambiana ofisini. Haya.

Mkewe, Doña Benita, alibaki Tarata, bondeni, kwa kuwa moyo wake haukuiweza hewa nyembamba ya juu.

Vituko havikukosekana. Mchungaji mmoja wa llama, Hilarión Choque, aliichimbua na kuikata kebo akidhani atapata shaba ya kuuza, kisha akaja mwenyewe kibandani amefura: "Mmenitapeli nyie! Nimechimba siku nzima, ndani kumejaa nywele!" Casimiro alicheka mpaka akakaa chini. "Basi njoo unishikie hema la kuungia, kinyozi wee, upepo usiniletee vumbi." Chembe moja ya vumbi ikikaa kwenye ncha ya uzi, mwanga haupiti vizuri. Hilarión alishika hema mpaka kazi ikaisha, wakagawana majani ya koka ya kutafuna.

Mafundi wetu wana desturi isiyo kwenye kanuni yoyote: aliyeunga ndiye anayepiga simu ya kwanza, kabla ya benki, kabla ya serikali, na anapiga kwake. Casimiro alikuwa akimpigia Benita.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mzee. Umekula?"

"Nimekula." Muongo mkubwa! Kisha ndipo alipotupigia sisi wa chumba cha mitambo kutuambia laini ni nzima.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Februari, mafuriko yaliibeba kebo pamoja na ukingo wa mto. Aliunga huku mvua ikimnyeshea, na alipomaliza akapiga nyumbani. Simu ikaita, ikaita. Doña Benita alikuwa ameshafariki tangu jana yake, na habari haikuwa na pa kupita, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa mikononi mwa Casimiro, imekatika. Inaniuma kuiandika hata leo.

Hakuomba uhamisho. Na tangu siku ile, kila akimaliza kuunga, bado anapiga nyumba ile iliyofungwa kwanza. Anaisikiliza ikiita kidogo, kisha anatupigia: "Imeita. Laini nzima." Hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Nusu ya mafundi wa kusini amewafundisha yeye. Kibanda sasa kitaangaliwa kwa mitambo kutoka mjini, na yeye anarudi Tarata, kwenye nyumba hiyohiyo. Juzi nilimuuliza kwenye simu kama amefurahi.

"Huku juu niko peke yangu kwa sababu ya kazi, binti," akasema. "Kule nitakuwa peke yangu kwa sababu gani?"

Mimi huwa namjibu kwa utani. Safari hii nililipeleka swali lake kwa mafundi. Wenye ndoa changa walinung'unika kidogo, lakini tumekubaliana: kuanzia Septemba, simu ya kwanza baada ya kila matengenezo ya kusini itapigwa Tarata.

Don Casimiro, asante kwa kila neno lililotufikia kwa mikono yako. Tunakuombea afya, jua la bondeni, na chakula ulichokula kweli. Simu ikiita, usikawie kupokea, mzee. Hatutamtangazia mtu yeyote kwamba laini ni nzima mpaka wewe useme, "Nakusikia."

Nélida Mamani, chumba cha mitambo, Oruro