Laston Kamtedza, Mtu wa Siku Ishirini na Nane

Marehemu Laston Kamtedza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Namikango, wilaya ya Thyolo, mtoto wa pili wa mzee Wedson Kamtedza na mama Nagama. Mama yao alisimulia kwamba siku aliyozaliwa ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na mtoto hakulia, alitazama tu. Akabaki hivyo maisha yake yote. Ukimtuma maji, ungemkuta amekaa mtoni akiangalia jinsi mkondo unavyolizunguka jiwe.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1968, kisha sekondari Zomba. Mwaka 1982 aliingia chuo cha uhandisi Blantyre, akajifunza ujenzi wa madaraja. Wadogo zake waliobaki na majembe walivaa mashati yake ya zamani, na alipokuja likizo aliwaonyesha kwa vijiti na udongo kwa nini daraja halianguki.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na Bi. Ethel Chikuse. Mungu aliwajalia mabinti watatu.

Mwaka 1991 aliajiriwa kufundisha katika chuo kilekile, akafundisha hadi 2023. Siku ya kwanza ya kila mwaka aliwasomea wanafunzi wake ukurasa mmoja wa kanuni, taratibu, kama mtu anayesoma zaburi, na kila mmoja alitia sahihi. Mlango unafungwa saa mbili kamili. Asiingie mtu maabara na kandambili. Aliyenakili kazi na aliyemnakilisha wote wanapata sifuri. Mwenye msiba au mgonjwa ataongezewa muda. Kipimo kikishaandikwa kisifutwe. Kama ni kosa, kipigwe mstari mmoja, kiendelee kusomeka.

Asubuhi, kabla ya wanafunzi kufika, alipenda kusimama kando ya tangi la maji ambamo vipande vya zege hulala siku ishirini na nane kabla ya kupondwa kwa mashine na kupimwa nguvu. Alisema zege linakunywa maji polepole kama mtoto anayenyonya usingizini. Aliweza kusimama hapo hata nusu saa, na chai yake ikapoa.

Mwaka 2016 mpwa wake Limbani, mtoto wa dada yake Eluby, alikuwa darasani mwake. Siku ya ishirini na nane ya zege lake iliangukia Ijumaa tarehe 19 Agosti, siku tuliyomzika mama mkubwa hapa Namikango. Limbani alirudi chuoni Jumatatu, akavunja vipande vyake, akaandika kuwa alivivunja Ijumaa saa nne asubuhi. Marehemu alimwita ofisini.

"Ijumaa saa nne ulikuwa maabara?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi saa hiyo nilikuwa makaburini. Kuna kijana alinipa udongo nitupie jeneza. Anafanana sana na wewe."

Limbani akaifunika ile tarehe kwenye karatasi kwa kidole.

"Msiba unaruhusiwa. Ungeandika siku thelathini na moja, alama zako ungezipata zote."

Akampa sifuri, na ile sifuri ikamrudisha mwaka mzima. Ukoo uliitwa. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake, ndiye anayemtetea, lakini safari hii kesi ilikuwa na mjomba mwenyewe, kwa hiyo Eluby alizungumza mbele ya watu wote.

"Mtoto alikwenda kuzika. Unamrudisha mwaka kwa siku tatu?"

"Watu watalala chini ya zege lake, Eluby."

"Watu gani? Vile vipande vinne hata kuku halali chini yake."

Watu walicheka. Marehemu naye alicheka, lakini hakubadili alama.

"Sasa huyu aende kwa nani, kama mjomba wake ndiye wewe?"

"Aje kwangu. Mwaka huo atakula kwangu na atalala kwangu."

"Basi akae. Mimi kwako sitii mguu."

Limbani alikaa, akarudia mwaka, akafaulu. Eluby hakutia mguu kwa miaka minane. Kanisani alikaa benchi la nyuma yake, akamwimbia kisogo. Marehemu hakuwahi kumlaumu. Sikukuu alimtumia mchele na chambo, wale samaki wa ziwani, na sahani ilirudi imeoshwa, bila neno.

Mwezi wa Mei mwaka huu figo zilimlaza hospitalini Blantyre. Mwenye kulala na mgonjwa kwetu ni dada, hivyo Eluby alibeba mkeka wake akaenda, akakaa sakafuni kando ya kitanda bila kusalimu. Daktari alimuuliza marehemu miguu imevimba tangu lini.

"Kama wiki mbili," akasema marehemu.

"Andika miezi mitano, daktari," Eluby akasema kutoka mkekani. "Tangu Krismasi anakuja kanisani amekanyaga visigino vya viatu, miguu haiingii. Mimi ndiye ninayekaa nyuma yake."



"Andika alivyosema dada," marehemu akamwambia daktari. "Cha kwangu kipige mstari."

Baada ya hapo walizungumza siku kumi na moja, hasa habari za mito na za watu waliokwisha kufa. Alilala Jumapili tarehe 9 Juni 2024, alfajiri, mvua nyepesi ikinyesha.

Ameacha mke, Bi. Ethel, mabinti watatu, wajukuu watano, mdogo wake Binson, wapwa kumi na mmoja, akiwemo Mhandisi Limbani, anayejenga daraja kule Nsanje, na dada yake Eluby, ambaye tangu Jumapili yumo nyumbani kwa kaka yake, jikoni, na hataki mtu mwingine ashike mwiko.

Mungu amlaze mahali palipotulia.