Kifusi Hiki Unampelekea Nani?

Wakubwa zangu shikamooni, na mlio rika langu nawaamkia kwa furaha. Mwenyekiti aliniambia nisimame mbele yenu leo nitoe shukrani zangu. Nikamjibu nitasimama, lakini kiti kiwe karibu, maana mguu wangu wa kulia ukichoka haubishi hodi. Naam, kiti kimefika. Asante, mama.

Wengi mnanijua, mimi ni msukaji wa makuti hapa hapa Ganda. Na mnajua nyumba yetu ilivyokaa bondeni. Kila masika maji yalikuwa yakiingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, nami naamka asubuhi natafuta ndara zangu zimeelea wapi. Kwa miaka mingi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na wala si dhahabu. Nilikuwa naomba kifusi. Nijaze vyumba, niinue sakafu, nilale mvua ikinyesha kama watu wengine.

Mnacheka! Haya, nani humu ndani hajawahi kusimamisha lori la kifusi? Inueni mikono. Basi, shusheni, tusiaibishane.

Siku moja lori likapita njia yetu likitoka mjini Malindi, kwenye nyumba kuukuu iliyokuwa inabomolewa ijengwe ya kulala wageni. Dereva alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye adabu zake. Nikapunga mkono, akasimama.

"Mwanangu, hicho unakipeleka wapi?"

"Mama, nimeambiwa nitafute tu pa kumwaga. Jaa la kaunti liko mbali, na mafuta niliyopewa hayafiki."

"Basi umeshapata. Mwaga hapa."

Nilipotaka kumpa chochote alikataa kabisa. Nikamkatia dafu, akalinywa amesimama, akanitakia baraka na nyumba yangu, akaenda zake. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nililala nikijua Mungu ana masikio.

Kesho yake mume wangu akaenda mnadani, nami nikashika jembe nikaanza kutandaza. Miguu mitupu, kama tulivyozoea. Kifusi kilikuwa kimechanganyika: mawe, plasta, vigae vilivyovunjika, makopo ya rangi, na mbao za dari zilizooza zikiwa na misumari yake yote. Msumari mmoja ukaingia unyayoni mpaka nikaona nyota mchana. Nikafanya kama mama yangu alivyonifunza. Nikauchomoa, nikakipigapiga kidonda kwa kijiti, nikamimina mafuta ya taa, nikafunga kitambaa. Na sikumwambia mtu.

Mtaniuliza kwa nini. Majirani walikuwa wameshapanga foleni wakingoja lori lirudi, kila mmoja na shimo lake la kujaza. Ningesema kifusi kina misumari, ningeonekana nimeshapata changu, sasa nawafungia wenzangu mlango. Halafu ile ilikuwa zawadi. Kwetu zawadi haisemwi vibaya.

Kidonda kikafunga, nikasahau. Hata asubuhi moja nimeketi na chai, nikashindwa kuuma hamri. Taya limekaza, shingo imekaza, mgongo nao unavuta. Mama mkwe wangu akaniangalia akashika kichwa. "Mulungu wangu! Hili ni pepo limemwingia." Akataka watu wa ngoma waitwe.

Mume wangu akamwambia, "Mama, hata kama ni pepo, leo litapanda tuktuk na sisi mpaka hospitali."

Tulipofika, muuguzi alinitazama mara moja tu, akasema, "Hii ni pepopunda."

Mama mkwe akaruka. "Si nilisema! Si nilisema ni pepo!"

Yule muuguzi, Mungu amweke, hakucheka. Alimshika mkono mama akamweleza taratibu kwamba jina ni jina tu, huu ni ugonjwa, umeingia na uchafu kupitia kidonda. Akauliza mara ya mwisho nilichomwa lini sindano ya kuukinga. Ilikuwa nikiwa na mimba ya kitindamimba wangu, na huyo kitindamimba sasa ananyoa ndevu.

Nikalazwa chumba chenye giza. Ugonjwa ule hautaki kelele. Kikombe kikianguka, mlango ukigonga, mwili wote unajipinda mpaka unadhani mifupa itavunjika. Kusema siwezi, kula ni kwa mpira. Wote walioingia walikuwa wakijiuliza jambo moja: huyu atatoka, au hatatoka?

Sasa mume wangu mnamjua. Ni dalali wa mbuzi. Akinadi mbuzi Malindi, watu wa Kilifi wanajua bei. Akaambiwa: ukitaka kukaa na mkeo, nong'ona, ukishindwa, kaa nje. Ndugu zangu, mume wangu alinong'ona. Kila siku alikuja, akavua viatu mlangoni, akaketi karibu na sikio langu na kunisimulia habari za mnada kwa sauti ndogo kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Beberu fulani amempiga mnunuzi kichwa. Mbuzi fulani amekula kofia ya karani. Kucheka siwezi, kucheka kunaumiza, basi machozi yanatiririka tu naye anayafuta kwa kidole. Nilimpenda mume wangu tangu ujana wetu, lakini kwenye kitanda kile ndipo nilipomjua ni mtu wa namna gani.

Siku hizo hizo akaja afisa wa mazingira. Alikuwa amepata habari kwamba kifusi kimemwagwa kwa watu, akataka kujua ni lori gani. Mume wangu hakuliona, na majirani waliokuwa wakilingoja wakasema hawajui. Aliyeliona ni mimi, na kinywa changu kilikuwa kimefungwa. Akasema atarudi nikiweza kusema.

Akaniachia mzigo. Nikimtaja yule dereva, nimemfunga mtu pekee aliyenisimamia njiani na kukataa hata shilingi yangu. Nisipomtaja, lori litarudi Ganda, na pale pana watoto wenu wanaocheza miguu mitupu. Nilikuwa nalala na jambo hilo naamka nalo. Nikajisemea, labda ni afadhali taya hili lisifunguke.

Likafunguka. Kidogo tu, la kupitisha maneno machache. Na mtu wa kwanza kuyapata, baada ya mume wangu, alikuwa dereva mwenyewe. Alikuwa amerudi Ganda na shehena nyingine, akakuta kwangu kumefungwa, majirani wakamwambia nilipo. Akaliacha lori limejaa kando ya njia, akaja ameshika dafu mkononi. Akapiga magoti karibu na kitanda. Muuguzi alikuwa amemwonya kelele, basi hata yeye akanong'ona.

"Mama, nilidhani nakusaidia."

"Najua, mwanangu."

"Nifanye nini?"

Nikamwambia, "Mimi siwezi kukutaja. Nenda ukajitaje."

Akalia bila kutoa sauti, mabega tu yanatikisika. Halafu akainuka akaenda. Hakwenda kwao bara. Alilifuata lori lake pale alipoliacha, akaenda nalo mpaka kwa afisa wa mazingira, na mzigo wake juu.

Ujenzi ukasimamishwa. Vibarua wa mtaa wa Muyeye waliokuwa wakibomoa walilaani sana, na siwalaumu, mtu akikosa kibarua hapiki sheria. Lakini ndipo ikajulikana kwamba kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, mwanakandarasi alitakiwa awe na mpango: mbao zitakwenda wapi, vyuma wapi, makopo ya rangi wapi, na lori lenye kibali litapeleka nini mahali gani. Yeye mpango wake ulikuwa ni "tafuta pa kumwaga". Faini akalipa yeye. Dereva kwa sababu alijitaja mwenyewe alionywa, akaachiwa.

Nilirudi nyumbani na mkongojo, nikakuta watu wanachimba sakafu yangu kukitoa kile kifusi. Injinia wa ule ujenzi alikuwepo, mwanamke, amesimama kwenye tope pamoja nao. Akaniomba radhi. Akasema kazi ikifunguliwa tena kila kitu kitatengwa palepale kinapobomolewa, na anataka mtu wa kukaa langoni pa ujenzi asiyeona haya kuuliza. Nikamwambia, mguu wangu hauwezi tena kubeba makuti mpaka mjini, lakini kuuliza naweza.

Hiyo ndiyo kazi yangu leo. Lori halitoki bila kibali, bila turubai, na bila kujibu swali langu: "Kifusi hiki unampelekea nani?" Siku ya kwanza dereva mmoja akanijibu, "Simpelekei mtu, mama, nakwenda kutupa." Nikamwambia, kaka, hata jaani kuna akina mama wanaookota chupa. Hakuna kutupa. Kuna kumpelekea mtu tu.

Mawe safi yaliyochekechwa, kibali kilipotoka, yaliletwa Ganda, na wale wa foleni mlipata. Nami nilipata. Masika haya mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nikazikuta ndara zangu palepale nilipozivua.

Namshukuru muuguzi. Namshukuru mama mkwe aliyenipikia uji mpaka nikarudi na mashavu, na ambaye bado anasema lilikuwa pepo. Nawashukuru ninyi mliopokezana zamu za kunifulia. Na yule dereva nilisema sitamtaja, na simtaji. Anayejua ni nani aliyeleta madafu ya leo, anyamaze kama mimi.

Ila nawasihi: vaeni viatu, mkachomwe sindano, na zawadi ikiwa na msumari, semeni.

Limebaki moja. Mume wangu yule pale nyuma. Tangu hospitali, nyumbani bado ananong'ona. Hata mnadani nikipita, sauti inashuka. Baba watoto, nimepona. Simama uwaage watu hawa kwa sauti yako ile ile ya kunadi mbuzi. Sitashtuka.